Siku Niliyowavizia Tumbusi wa Nyanda za Kasenyi

Ndugu msomaji, hakuna mama wa kambini wala wa nyumba za polisi asiyemjua mwewe. Ndiye yule anayezunguka juu ya paa wakati wa asubuhi, kisha akashuka kama jiwe na kuondoka na kifaranga kabla ufagio haujainuliwa. Watu wa Kampala, walipoona jinsi magari madogo ya abiria yanavyonyakua watu barabarani, waliyapa jina la kamunye, yaani mwewe kwa Kiganda. Jina likakaa, kwa kuwa kila mtu alimjua mwenye jina.

Lakini ukoo wote huu wa ndege wala nyama tunaujua kwa sifa mbaya tu. Mwewe ni mwizi, bundi ni wa wachawi, na tumbusi ni mla mizoga asiyestahili hata kutazamwa. Ni wachache kati yetu waliowahi kumwona mmoja wao usoni, kwa karibu, akiwa hai na akiendelea na kazi yake bila ya kujua kwamba anatazamwa. Mwaka jana, wakati wa likizo yangu, nilipata bahati hiyo kwa siku moja. Nilikwenda kupiga picha. Nilirudi na picha, na pia na deni la zamani ambalo nilidhani nimekwisha kulisahau.

SAFARI YA KUTEREMKA BONDENI

Basi la kwenda Kasese kupitia Masaka na Mbarara huondoka Kampala alfajiri. Baada ya Bushenyi njia hupita kwenye mashamba ya chai na migomba, na msafiri hudhani kwamba nchi yote itakuwa ya kijani namna hiyo mpaka mwisho. Ghafla, pale Kichwamba, ardhi inakatika. Chini kabisa hutandaza Bonde la Ufa, uwanda wa rangi ya simba, na ng'ambo yake, kama mawingu yameruhusu, husimama milima ya Rwenzori ambayo kilele chake cha Margherita kina urefu wa mita 5,109. Basi huteremka kwa breki na maombi ya abiria, masikio yanaziba, na joto linaingia madirishani.

Hapo ndipo ilipo Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, iliyoanzishwa mwaka 1952, yenye eneo la karibu kilometa za mraba 2,000. Katikati yake hupita mfereji wa Kazinga, mto mpole unaounganisha Ziwa George na Ziwa Edward. Barabara kuu huuvuka mfereji huo kwa daraja la Katunguru. Karibu na daraja hilo anaishi mwenzangu mmoja tuliyesoma naye chuo cha ualimu. Yeye bado anafundisha. Mimi niliacha chaki baada ya miaka minne nikaingia kazi ya ofisi.

Usiku ule shemeji alitupakulia ngege wa mchuzi na ugali wa wimbi. Aliposikia nilichokifuata, aliweka bakuli chini akanitazama kama ninavyotazamwa na watoto wa darasa la kwanza.

"Shemeji," alisema, "umetoka Kampala mpaka huku kumpiga picha ndege wa mizoga? Simba wamekwisha? Tembo wamekwisha?"

Mume wake alicheka. Mimi pia nilicheka, lakini sikumjibu.

KIBANDA CHA MAVIZIO

Wasomaji wetu askari hawahitaji kufundishwa maana ya mavizio. Anayevizia hujificha mahali ambapo mwenziwe atapita, hukaa kimya, na hungoja. Mpiga picha wa ndege hufanya vivyo hivyo, ila silaha yake ni kamera, na ushindi wake ni kwamba mwindwa ataondoka salama bila hata kujua kuwa alivamiwa.

Ufundi huu una umri wa zaidi ya miaka mia. Huko Uingereza, ndugu wawili, Richard na Cherry Kearton, walitoa mwaka 1895 kitabu cha viota vya ndege chenye picha zilizopigwa porini kwa kamera, na baadaye wakajitengenezea ng'ombe wa bandia. Mpiga picha aliingia tumboni mwa ng'ombe huyo na kamera yake akasimama malishoni, nao ndege wakamwona kuwa mnyama wa kawaida. Kazi hii ina hatari zake pia. Mwaka 1937 Mwingereza mwingine, Eric Hosking, alikuwa akirudi usiku kwenye kibanda chake karibu na kiota cha bundi. Bundi yule, akilinda makinda yake, alimpiga kwa kucha usoni, na Hosking akapoteza jicho moja. Hakuacha kazi. Aliendelea kuwapiga picha ndege, bundi wakiwemo, kwa miaka mingi.

Jirani zetu wa Kenya nao walikuwa na mtu wa namna hiyo, Leslie Brown, aliyefariki mwaka 1980. Brown alikuwa mtumishi wa serikali, bwana kilimo. Alipokuwa Embu, wakati wa mapumziko yake alipanda kilima kimoja chenye viota vya tai wa aina kadhaa, akawaangalia mwaka hadi mwaka na kuandika kila alichoona. Mtu huyo ndiye aliyenipa moyo. Kama bwana kilimo aliweza kuwa mwanafunzi wa tai, karani naye anaweza kuwa mwanafunzi wa tumbusi kwa siku moja.

Kibanda changu kilikuwa kidogo na cha gharama ndogo: fito nne, turubai kuukuu la rangi ya majani makavu, kigoda, na tundu moja la kupitishia lenzi. Kamera niliazima kwa mwenzangu wa ofisini ambaye hupiga picha za harusi, na lenzi ndefu ya milimita 400 niliikodi. Kibali na askari wa hifadhi nilivipata kwa utaratibu wa Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, kwa maana humo hifadhini mtu haruhusiwi kushuka kwenye gari apendapo.

SAA KUMI NA MOJA ALFAJIRI

Usiku wa kuamkia siku ile, lori moja lilimgonga swala aina ya kob kwenye barabara ya Kasese. Huyu ndiye swala aliyemo katika nembo ya taifa letu pamoja na korongo. Askari wa hifadhi walimwondoa barabarani ili ndege watakaomfuata wasigongwe nao, wakamburuta hadi mahali pa wazi upande wa Kasenyi. Tulisimamisha kibanda hatua 25 kutoka hapo, giza likiwa bado.

Tuliingia wawili, mimi na askari. Kisha yeye akatoka peke yake, akatembea wazi wazi mpaka kwenye gari na kuondoka kwenda kusimama mbali, mahali ambapo angeweza kuniona kwa darubini. Huo ni ujanja wa zamani wa kazi hii. Ndege akiona mtu anaondoka, huamini kibanda kimebaki kitupu, kwa kuwa wengi wao hawajui kutoa moja katika mbili.

"Mwalimu," aliniambia kabla ya kutoka, "usifungue turubai hili mpaka usikie sauti yangu. Ukibanwa na haja ndogo, chupa hiyo."

"Ndiyo, afande."

Nilikaa. Kulipoanza kupambazuka nilisikia hatua, si za mtu. Fisi mmoja alikuja akiinamisha kichwa, akamnusa swala, akainua pua na kutazama moja kwa moja kwenye turubai langu. Kati yetu kulikuwa na kitambaa tu. Sikupiga picha hata moja, vidole vilikataa. Alirarua paja moja, akaondoka nalo. Nikakumbuka kwamba nilikuwa sijapumua.

Jua lilipanda, na uwanda ukabaki mtupu. Saa mbili, hakuna kitu. Saa mbili na nusu, kunguru wawili. Nilianza kumfikiria shemeji na swali lake. Ndipo nikafahamu kosa langu: nilikuwa nikipima kwa saa yangu, wakati tumbusi hupima kwa joto la ardhi. Ndege huyo ni mzito, na kupigapiga mabawa kunamchosha. Hungoja mpaka ardhi ipate moto na hewa ianze kupanda, kisha hutandaza mabawa na kubebwa juu, kama mtu aliyekaa kwenye basi. Si ndege wa kudharauliwa kwa kuruka. Mwaka 1973, juu ya jiji la Abidjan, ndege ya abiria iligongana na tumbusi ikiwa kwenye kimo cha mita zipatazo 11,300, juu zaidi ya kilele cha mlima wowote duniani.

Tena tumbusi wetu hawatafuti kwa kunusa. Wanatafuta kwa macho, na kila mmoja humwangalia mzoga na jirani yake pia. Mmoja akishuka, aliye mbali naye anaona na kugeuka. Wa tatu anamwona wa pili. Ni mpango wa vituo vya ulinzi angani, na habari hupita bila simu ya upepo.

Saa tatu na dakika chache kivuli kilipita juu ya turubai. Nikasikia sauti kama shuka inayopasuliwa, nayo ni ya hewa katika manyoya yao wanapotua. Mmoja, watatu, saba, kisha nikashindwa kuhesabu. Wengi walikuwa wenye mgongo mweupe. Waligombana kwa milio ya kukwaruza, wakakanyagana, wakaingiza shingo ndani ya nyama. Kisha wote wakarudi nyuma kidogo: alikuja yule mkubwa kuliko wote, mwenye kichwa chekundu kisicho na manyoya na ngozi iliyokunjamana, ambaye mabawa yake yakitandazwa hukaribia mita tatu. Mdomo wake hupasua ngozi ngumu iliyowashinda wenziwe. Nilibonyeza kamera. Wote waliinua vichwa, kimya. Nami nikawa kimya kuliko wao. Baada ya dakika waliendelea, na tangu hapo mlio wa kamera haukuwashughulisha tena.

Katika muda usiozidi saa moja, swala yule alibaki mifupa na ngozi. Hakukuwa na uvundo, wala nzi wa kuzaliana, wala funza. Asidi ya tumbo la tumbusi ni kali mno. Huua vimelea vingi vya maradhi ambavyo vingemuua mbwa au mtu. Katika hifadhi hiyo hiyo, ugonjwa wa kimeta uliua viboko wengi mwaka 2004 na 2005. Mwenye kuelewa hatari ya mzoga kukaa majini na malishoni ataelewa thamani ya mwenye kuumaliza.

FOMU ISIYO NA SAFU YA NDEGE

Wakati wakubwa wakipumzika, tumbusi wadogo wa rangi ya kahawia, wale wenye mdomo mwembamba na kofia ya manyoya laini kisogoni, walianza kuokota mabaki. Hao ndio wanaoonekana mijini, kwenye majalala na machinjioni. Mmoja alikuja kwa miguu mpaka hatua nane kutoka kwangu. Kwenye lenzi niliona kope zake. Niliona jicho jeusi lenye mwanga wa asubuhi ndani yake. Mwenziwe alipomsogelea, ngozi ya uso wake iligeuka kutoka nyeupe ikawa ya waridi, kama uso wa mtu aliyetahayari.

Mara ya mwisho kuwa karibu hivyo na ndege wa aina ile, alikuwa amekufa.

Nitaeleza. Nilipoanza kazi ya ofisi, nilipangwa katika mji mmoja ambao sitautaja. Mwaka ule mbwa wenye kichaa waliuma watu, wakiwemo watoto, na hofu ilikuwa ya kweli. Iliamuliwa kuwaua mbwa wasio na wenyewe kwa nyama iliyotiwa sumu. Mimi sikuiweka nyama ile. Mimi niliandika hati ya kununulia sumu, na asubuhi yake nilifuatana na wafanyakazi nikiwa na fomu ya kuhesabia. Mbwa walikusanywa. Nyuma ya machinjio, chini ya mti wa mvule, tuliwakuta tumbusi wadogo wamelala, mabawa wazi, midomo ikiwa na povu. Walikuwa wamekula mbwa waliokufa, kwa sababu ndiyo kazi yao.

Fomu ile ilikuwa na safu ya mbwa wa kiume, safu ya mbwa wa kike, na safu ya watoto wa mbwa. Haikuwa na safu ya ndege. Kijana mmoja aliniuliza, "Na hawa, bwana karani, tuwaandike wapi?" Nikamwambia wachomwe pamoja na takataka. Nikatia sahihi. Juu ya mvule ule kulikuwa na kiota, na siku kadhaa nilimwona kinda akisimama ukingoni akitazama chini. Kisha sikumwona tena.

Ndani ya kibanda, nikiwa na jasho na chupa yangu, nilimpiga yule tumbusi picha moja tu. Nilitaka kupiga zaidi. Badala yake nilimtazama mpaka alipoondoka.

SUMU HAICHAGUI

Nilipomsimulia askari, hakunilaumu. Alisema, "Mwalimu, sisi huku tumbusi ni askari wenzetu." Jangili akiua mnyama, tumbusi huzunguka juu ya mahali pale, na doria inajua pa kwenda. Majangili wanalijua jambo hilo, na baadhi yao hutia mzoga sumu makusudi ili wawaue hao walinzi wa angani. Mwezi Juni mwaka 2019, nchini Botswana, tembo watatu waliotiwa sumu na majangili waliua tumbusi 537. Katika hifadhi ile niliyokuwamo, simba 11 walikufa kwa sumu karibu na kijiji cha Hamukungu mwaka 2018. Na mwezi Machi 2021, upande wa Ishasha, simba sita walikutwa wamekufa na viungo vyao vimekatwa, na karibu nao tumbusi waliokufa.

Tumbusi mkubwa hutaga yai moja tu, na kinda huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa. Hivyo wanaokufa kwa asubuhi moja hawarudishwi kwa mwaka mmoja. Mwaka 2015 aina nne za tumbusi wa Afrika, wakiwemo yule mwenye mgongo mweupe na yule mdogo wa mijini, waliandikwa katika daraja la mwisho la viumbe walio karibu kutoweka porini.

India ilitutangulia katika hasara hii. Huko, katika miaka ya 1990, tumbusi walikufa kwa mamilioni kwa kula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa kwa dawa ya maumivu iitwayo diklofenaki. Sababu iligunduliwa mwaka 2004, na dawa ikapigwa marufuku kwa mifugo mwaka 2006. Lakini mizoga ilikuwa imekwisha kubaki mashambani, na mbwa wa mitaani wakaongezeka, na kichaa cha mbwa pamoja nao. Tazama mzunguko huo, ndugu msomaji. Mimi nilitia sahihi sumu iliyoua tumbusi ili kuzuia kichaa cha mbwa, kumbe tumbusi alikuwa upande wetu.

KWA WALIO NYUMBANI

Mwenye mbwa ampeleke kuchanjwa kila mwaka. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, kichaa hukosa njia ya kuenea. Kuua mbwa kwa sumu hakuleti matokeo hayo. Dawa ya wadudu wa shambani isitiwe kwenye nyama kwa ajili ya fisi, mbwa wala chui, hata kama amekula mbuzi wako. Toa habari kwa maofisa wa wanyamapori. Askari wa doria akikuta ndege wengi wamekufa pamoja, asiwaguse kwa mikono mitupu, awazuie watu na mbwa, na atoe taarifa mara moja.

Na mzazi anayetaka kuwafundisha watoto subira, awatengenezee kibanda cha mavizio nyuma ya nyumba. Shuka kuukuu dirishani lenye tundu dogo latosha, na simu yenye kamera yatosha. Waingie kabla ya jua, wasivae nyeupe, wasogeze mikono polepole. Wasikaribie kiota chenye mayai wala makinda, maana mzazi akikimbia, jua au kunguru humaliza kazi. Hata mwewe mwizi wa vifaranga, akitazamwa hivyo, ataonekana kuwa mzazi anayetafuta chakula cha watoto wake.

Jioni ile shemeji alitaka kuziona picha. Alipita upesi zile za ugomvi na damu. Alipofika kwenye ile moja ya tumbusi mdogo mwenye uso wa waridi, alisimama, akaikuza kwa vidole viwili.

"Kumbe ana kope," alisema.

Sasa picha hiyo imebandikwa ukutani juu ya meza yangu ya kazi. Mwezi uliopita ililetwa tena rasimu ya hati ya kununua sumu ya mbwa. Sikutia sahihi. Niliandika barua ya kurasa mbili kuomba fedha zile zinunue chanjo, na chini ya barua nikachora fomu mpya. Ina safu ya mbwa waliochanjwa, na safu ya mwisho ni ya ndege. Majibu bado nayangoja. Kungoja nimekwisha kufundishwa.